MOYO MPYA CHINI YA MTI

Masomo: Ezekieli 36:26, 2 Wafalme 6:1-7, Mathayo 4:5-7, Luka 14:28-30



Neno letu leo linatoka kando ya barabara. Wengi wenu mnaijua njia ya Ituri, Barabara ya Taifa namba 4, inayotoka hapa Kisangani na kupita Bafwaboli, Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, mpaka Beni na mpakani Kasindi. Vita vya 1996 na 1997, na vile vilivyoanza 1998 vikaisha 2003, viliifunga njia hiyo. Msitu ukaila barabara, madaraja yakaoza, na sisi watu wa mji tukabebana kwa baiskeli, toleka zetu, pamoja na mihogo yetu na mafuta yetu ya mawese. Barabara ilipotengenezwa tena, makamio yakarudi. Lakini mengi ni makamio ya umri mkubwa, yaliyokwisha kuchoka Ulaya kabla ya kuiona Afrika. Kamio la namna hiyo likifia msituni, garaji iko mbali safari ya siku nyingi. Basi fundi anakuja kwa pikipiki na mfuko wa funguo, anakata miti mitatu, na chini ya anga ya Mungu anaondoa motere iliyokufa na kutia nyingine.

Hata hapa mjini, katika Makiso, Mangobo, Kabondo na Tshopo, mafundi wengi hawana nyumba ya garaji. Kazi yao inafanyika uwanjani, chini ya mwembe, na mvua ikija wanafunika kwa hema. Baadhi ya mafundi hao ni watoto wa kanisa letu. Jumapili wanavaa nguo nyeupe na kuimba pamoja nasi. Jumatatu wako chini ya kamio. Leo tutajifunza kwa kazi yao, na tena tutawaambia neno moja gumu kwa ajili ya uhai wao.

Tena kuna wandugu kati yetu wanaosema: “Nitatubu siku nitakapopata kazi nzuri. Nitaacha pombe nikiisha kujenga nyumba yangu. Parokia yetu itaanza kufundisha vijana tukiisha kumaliza hekalu.” Hao wanangoja garaji. Sikilizeni basi.

1. KWANZA, KUBALI KWAMBA MOTERE IMEKUFA

Shofere mzee anajua dalili. Moshi wa buluu unatoka nyuma, maana motere inakula mafuta yake yenyewe. Unafungua mahali pa kutilia mafuta, na pumzi ya moto inakupiga usoni. Unachomoa kijiti cha kupimia, na mafuta yamekuwa meupe kama chai ya maziwa, maana maji ya radiatere yameingia ndani. Halafu unasikia chuma kikigonga chuma, ko, ko, ko, na kamio haliwezi tena kupanda kilima.

Lakini shofere hapendi kukubali. Anaongeza mafuta mazito. Anatia maji ya mtoni. Anamwambia msaidizi wake: “Itatufikisha tu.” Fundi anamjibu kwa heshima: “Papa shofere, hii haitengenezeki tena. Tukiifungua leo, kesho kutwa utaniita tena.” Na papa anakasirika, kana kwamba fundi ndiye aliyeiua.

Sasa tujiulize ni nini kilichoiua. Mara nyingi si ajali. Ni vumbi jekundu lililopita kwenye filta iliyochakaa, siku kwa siku. Ni mazutu yaliyochanganywa na maji, yaliyonunuliwa katika bidoni kando ya njia. Ni mafuta yaliyopaswa kubadilishwa mwezi wa pili, na sasa ni mwezi wa tisa. Moyo wa mtu unakufa namna hiyo hiyo. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akawa mwizi au mzinzi. Ni vumbi kidogo kila siku, maombi yaliyoachwa, uongo mdogo sokoni, chuki kwa jirani ambayo hatukuitoa. Wengine wanapaka rangi mpya juu ya bodi na kuandika juu ya kioo maneno ya kumsifu Bwana, lakini ndani chuma kinagonga chuma.

Nabii Ezekieli hakuwaambia Waisraeli kwamba Mungu ataukarabati moyo wao. Aliwaambia kwamba Mungu atauondoa ule wa jiwe na kuwapa mwingine ulio hai. Ndugu, acha kuongeza mafuta mazito. Kubali.

2. MAHALI PA KAZI NI PALE KAMIO LILIPOSIMAMA

Angalieni ahadi hiyo ilitolewa wapi. Ezekieli hakuwa Yerusalemu. Alikuwa kati ya wahamishwa, katika nchi ya Babeli, kando ya mto Kebari. Hekalu lilikuwa mbali nao, na baadaye lilibomolewa na kuchomwa. Watu hao hawakuwa na madhabahu wala nyumba ya sala. Mungu aliwafuata pale walipokwama, akawaahidia moyo mpya pale pale.

Sisi watu wa Tshopo tunao ushuhuda wa namna hiyo karibu nasi. Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake mwaka 1921, na mwaka huo huo wakoloni wa Ubelgiji walimkamata. Alikaa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951, miaka 30 ya kifungo. Wafuasi wake walihamishwa mbali na kwao, na baadhi yao waliletwa mpaka Lowa, juu ya mto wetu, kupita Ubundu. Walifanyishwa kazi kama wafungwa. Hawakuwa na ruhusa ya kujenga kanisa. Je, waliacha kuomba mpaka wapewe nyumba? Hapana. Serikali ya Ubelgiji ilikubali kanisa lao mwishoni mwa mwaka 1959 tu, lakini imani yao ilikuwa imekwisha kupita miaka mingi bila paa.

Basi, wewe uliyekwama katika deni, katika ndoa iliyovunjika, katika ugonjwa, katika kukosa kazi, usiseme kwamba Mungu atakutengeneza siku utakapofika mjini. Fundi wa mbinguni anakuja barabarani. Anachokuomba ni kusimamisha kamio na kukubali lifunguliwe.

3. KAZI BILA GARAJI INA AMRI ZAKE

Lakini mtu asidhani kwamba kazi isiyo na nyumba ni kazi isiyo na utaratibu. Ni kinyume. Mwenye garaji ana sakafu ya saruji, taa na mabati. Asiyekuwa navyo lazima awe na akili na subira mara mbili.

Kwanza fundi anachagua udongo mgumu na ulio sawa, kamio linasukumwa mpaka pale, na magurudumu yanazuiwa kwa mawe au kabari za mti. Anafungua batri kabla ya kugusa waya nyingine. Anatoa maji na mafuta katika beseni, wala hayaachi kutiririka kwenye kijito ambapo wamama wanachota maji. Anaondoa radiatere. Anafunga mipira ya mazutu kwa kitambaa safi ili mchanga usiingie. Kila waya anaifunga alama. Kila bulo anairudisha katika tundu lake, au anaiweka katika kopo lake, maana bulo iliyopotea kwenye majani ya msituni hainunuliwi Bafwaboli. Sanduku la gia linategemezwa kwa magogo kutoka chini, lisije likaanguka motere ikiondoka. Mwisho kabisa ndipo anafungua miguu ya motere, ile inayoishikilia kwenye chasi.

Motere mpya ikija, amri ni zile zile. Diski ya ambrayaji lazima iwekwe katikati kabisa. Fundi asiye na chombo cha kiwandani anachonga kijiti cha mti mgumu kwa kipimo cha shimo lake. Sanduku la gia likikataa kuingia, fundi mwenye haraka anakaza mabulo ili alivute kwa nguvu, na chuma kinapasuka. Fundi mwenye hekima anarudi nyuma, anatazama, anazungusha kidogo, anajaribu tena. Likiwa sawa litaingia kwa mkono.

Wazee wa kanisa, sikieni hili. Mara ngapi tumevuta mtu kwa mabulo? Kijana ametubu juma hili, na juma lijalo tunataka awe kamili. Mume amerudi nyumbani, na tunamlazimisha mke asahau miaka kumi kwa siku moja. Kinapasuka kitu. Zungusheni kidogo, subirini, ombeni, jaribuni tena.

Na Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Kabla ya kufungua bulo la kwanza, hesabuni. Motere nyingine iko wapi? Nani atailipa? Watu wa kubeba wako wangapi? Kamio lililofunguliwa nusu na kuachwa linageuka kuwa nyumba ya kuku, na deni linabaki.

4. USISIMAME CHINI YA MZIGO

Hapa ndipo neno gumu nililowaahidia, na vijana mafundi mlisikie vizuri.

Motere ya kamio la kadiri, yenye silinda sita, ina uzito wa kilo 400 na zaidi. Ya makamio makubwa inakaribia tani moja. Uzito huo unaning'inia juu ya miti mitatu na palani, ile mashine ya mnyororo ya kuinulia, au mara nyingine juu ya tawi na kamba tu. Tawi bichi linapasuka bila kumwonya mtu. Kamba ya nailoni inanyooka, inasuguliwa na chuma, inakatika. Jeki iliyowekwa juu ya udongo wa mvua inazama. Miguu ya miti mitatu inateleza na kufunguka. Na motere ikianguka haichagui mwenye dhambi na mtakatifu.

Kuna vijana wanaosema: “Sisi tumeombewa. Tumenyunyiziwa maji ya baraka. Malaika watatushika.” Ndugu zangu, neno hilo lilikwisha kusemwa zamani, na tunajua nani aliyelisema. Ni Shetani, juu ya kinara cha hekalu, akimtaka Bwana Yesu ajitupe chini kwa sababu malaika watamchukua. Na Bwana alikataa. Alijibu kwamba Mungu hajaribiwi. Kama Mwana wa Mungu mwenyewe hakukubali kujitupa, wewe unaingiaje chini ya motere inayoning'inia juu ya kamba ya kufungia makaa?

Kanisa letu ni kanisa la maombi. Tunaamini kwamba Mungu anaponya na anafunua. Lakini maji ya baraka hayachukui nafasi ya mafuta ya motere, na sala haichukui nafasi ya gogo la kutegemeza. Ombeni kabla ya kazi, mkiwa mmevua kofia. Halafu chimbeni mashimo kwa ajili ya miguu ya miti mitatu, fungeni miguu hiyo pamoja kwa mnyororo, wekeni ubao mpana chini ya jeki, jaribuni kwa kuinua kidole kimoja tu na kungoja. Mtu yeyote asiingize kichwa wala mkono chini kabla ya magogo kuwekwa. Mtoto asikaribie. Na sauti iwe ya mtu mmoja tu, anayesema “inua” na “simama”.

Kijana akifa pale, nani analia? Ni mama yake, ni mke wake, ni watoto wake wadogo. Mwenye kamio atatafuta fundi mwingine kesho yake. Nawaambia kwa upendo: kulinda uhai ambao Mungu ametoa ni ibada. Mwenye kamio ambaye ni mshirika wetu, akimsukuma fundi afanye haraka bila mnyororo mzuri ili aokoe siku moja, anachukua juu yake damu ya mtu.

5. KAMIO NDILO LINALOSOGEZWA

Mtu asiyejua kazi hii anafikiri kwamba motere ikiisha kuinuliwa, mafundi wanaisukuma pembeni. Wakifanya hivyo inayumba, na miti inaanguka. Mafundi wanaojua wanaiacha ining'inie pale pale, kimya, na watu kumi wanalisukuma kamio nyuma taratibu mpaka litoke. Motere ya zamani inashushwa. Mpya inainuliwa mahali pale pale. Halafu kamio linarudishwa mbele mpaka likutane nayo.

Wapendwa, tumezoea kuomba Mungu asogee. Tunamwambia aje upande wetu, akubali mipango yetu, ashuke mahali tulipopanga sisi. Yeye amesimama. Neno lake linaning'inia mahali pake, halitikisiki. Ni sisi tunaopaswa kusogea nyuma, tumwachie aliyekufa aondoke, kisha twende mbele tukutane na uzima. Na hakuna kamio linalojisukuma. Wanahitajika watu kumi: shofere, wasaidizi, wasafiri, wamama wenye mizigo, hata wanakijiji ambao hawana kitu ndani ya kamio. Ndiyo maana kuna kanisa.

6. CHOMBO CHA KUAZIMA

Someni 2 Wafalme sura ya 6. Wana wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani ili wajenge makao. Chuma cha shoka cha mmoja wao kikaanguka majini, naye akalia, kwa maana kilikuwa cha kuazima. Kumbe hata wana wa manabii hawakuwa na vyombo vya kutosha! Elisha aliuliza kwanza chuma kilianguka wapi. Na kilipoelea, alimwacha yule mtu mwenyewe anyooshe mkono na kukichukua.

Mafundi wetu wanaishi kwa kuazimana. Palani ni ya huyu, funguo kubwa ni ya yule. Mwana wa Mungu anarudisha alichoazima, kikiwa kimesafishwa, siku aliyosema. Kikivunjika anasema kimevunjika, na anaonyesha kilivunjikia wapi.

Tena motere yenyewe. Ulizeni imetoka wapi. Tazameni nambari yake iliyopigwa juu ya chuma, na nambari hiyo iandikwe katika karatasi za kamio. Motere ya bei ya ajabu, yenye nambari iliyosuguliwa, ni machozi ya mtu mwingine. Kabla ya kulipa, izungusheni kwa mkono mjue kama haijakwama, na mtazame mafuta yake. Na fundi asichukue usiku pompa nzuri na kurudisha mbovu. Tendo hilo linafanyika gizani, lakini litasikika mlimani.

7. MOTERE MPYA NA FRENI ZA ZAMANI

Siku ya kuwasha imefika. Mafundi wanapampu mazutu kwa mkono mpaka hewa yote itoke, povu liishe, yaje mazutu safi. Motere inakohoa, inakohoa tena, inawaka. Watu wote wanapiga kelele za furaha. Wamama wanapanda juu ya mizigo.

Ngojeni kwanza. Motere ya zamani ilikuwa dhaifu, kwa hiyo freni dhaifu zilitosha. Sasa kamio lina nguvu, na freni ni zile zile, na chasi ni ile ile yenye ufa. Hapo ndipo makamio mengi yanapotumbukia bondeni. Fundi mwaminifu anasema: “Papa, kabla hujaondoka, tutazame freni.” Na siku za kwanza mzigo uwe mdogo, mwendo uwe wa pole, na mafuta yabadilishwe mapema.

Ndivyo ilivyo kwa aliyepokea Roho. Amepata nguvu, anaomba kwa sauti, anaona maono. Lakini ulimi wake hauna freni. Hasira yake haina freni. Mkono wake kwenye feza za kanisa hauna freni. Nguvu mpya bila kujizuia itaua wengi zaidi kuliko udhaifu wa zamani, maana sasa kuna watu waliopanda juu wakimtegemea. Mpeni mtu kama huyu mzigo mdogo kwanza, na wazee wamtazame.

MASHAURI KWA PAROKIA

Wapendwa, tusisikie tu. Kila parokia yenye mafundi itenge sadaka moja kwa kununua palani nzuri na mnyororo, vyombo vya wote, vitakavyoandikwa katika daftari na kutunzwa na wamama mashemasi. Mafundi wazee wawachukue vijana wasio na kazi, wawafundishe pale uwanjani, bila kungoja shule wala jengo. Wenye makamio walipe fundi siku ile kazi ilipoisha. Na wewe ambaye moyo wako unagonga chuma kwa chuma, njoo kwa wazee mbele ya Jumapili ijayo. Tutakupokea mahali popote uliposimama.

Tuombe. Bwana Mungu wetu, wewe uliyewafuata wahamishwa kando ya mto, utufuate na sisi katika njia zetu za matope. Ondoa moyo wa jiwe. Walinde mafundi wetu, mikono yao na migongo yao, na uwape akili ya kuogopa kinachopasa kuogopwa. Wabariki mashofere, wasaidizi na wamama wa biashara walio njiani usiku huu. Katika jina la Yesu Kristo.

Amina.